Waziri wa Maliasili na Utalii ana kazi gani, na mwananchi anamfikiaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unawahusu wananchi wa Tanzania Bara, hasa wanaoishi jirani na hifadhi za taifa, mapori ya akiba na misitu ya serikali. Maswali yaliyomo ndiyo yanayorudi kila mara kwenye mikutano ya vijiji, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye foleni za ofisi za halmashauri. Penye sheria, sheria imetajwa kwa jina na mwaka ili ukifika ofisini ujue unaomba nini. Wananchi wengi wanapoteza haki zao kwa kugonga mlango usiohusika, na ndiyo sababu majibu mengine hapa ni marefu.

Waziri huyu anasimamia nini hasa?

Wanyamapori, misitu, nyuki, utalii na malikale. Kila eneo lina sheria yake: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, Sheria ya Misitu ya 2002, Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002, Sheria ya Utalii ya 2008 na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hifadhi za taifa na Ngorongoro zina sheria zao pia.

Kazi ya kila siku inafanywa na taasisi zilizo chini ya wizara. TANAPA inasimamia hifadhi za taifa, kuanzia Serengeti hadi Nyerere. Mamlaka ya Ngorongoro inasimamia eneo lake, ambalo lilitengwa na Serengeti mwaka 1959. TAWA ina mapori ya akiba na mapori tengefu. TFS ina misitu ya serikali kuu. TAWIRI inafanya utafiti na kuhesabu wanyama, na Bodi ya Utalii inaitangaza nchi. Ukikuta askari wa uhifadhi shambani kwako, jambo la kwanza la kuuliza ni anatoka taasisi gani kati ya hizi. Wananchi huwaita wote "watu wa maliasili", kisha malalamiko yanapelekwa TANAPA wakati mhusika ni TAWA, na barua inazunguka miezi.

Ukubwa wa jukumu lenyewe si mdogo. Misitu peke yake ni hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya eneo lote la Tanzania Bara, ingawa sehemu kubwa ya misitu hiyo iko kwenye ardhi ya vijiji.

Kwani madini, gesi, samaki na maji si maliasili?

Ni maliasili, lakini hazimo mikononi mwa waziri huyu. Madini yana wizara yake, gesi na mafuta yako nishati, maji yana wizara yake, na uvuvi uko kwa waziri anayehusika na uvuvi. Hata Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, haiko chini ya TANAPA. Mazingira kwa ujumla, pamoja na NEMC (baraza la taifa la mazingira), yamekuwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais.

Mgawanyo huu unaleta migongano ya kweli. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa kwenye Mto Rufiji ndani ya eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo ni urithi wa dunia. Mradi ni wa wizara ya nishati, lakini anayetakiwa kujieleza mbele ya UNESCO kuhusu wanyama na misitu ni wizara ya maliasili. Uamuzi wa namna hiyo unafanyika Baraza la Mawaziri. Ukishapita, waziri anautetea hata kama humo ndani alikuwa na maoni tofauti, kwa sababu Ibara ya 53 ya Katiba inasema mawaziri wanawajibika bungeni kwa pamoja.

Mamlaka yake yanafika Zanzibar?

Hapana. Misitu, wanyamapori na utalii si mambo ya Muungano. Suala la msitu wa Jozani au hoteli ya Nungwi linapelekwa kwa mawaziri wa Serikali ya Mapinduzi.

Anateuliwa na nani? Lazima awe mbunge?

Anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na kwa Ibara ya 55 ya Katiba lazima awe mbunge. Kwa jirani zetu wa Kenya mambo ni kinyume: tangu Katiba ya 2010, waziri wao hawezi kuwa mbunge.

Kwa mwananchi wa kawaida tofauti hii ina uzito. Waziri wetu ana jimbo, au ameingia bungeni kwa viti maalumu au kwa uteuzi, na kila Bunge linapokaa yuko ndani ya ukumbi. Mbunge wako anaweza kumuuliza swali ana kwa ana na jibu likaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Hiyo ni nafasi kubwa, na wananchi hawaitumii ipasavyo.

Waziri, Naibu Waziri, Katibu Mkuu, Kamishna: nani anafanya nini?

Waziri anatoa mwelekeo wa sera, anatia saini kanuni na anajibu bungeni. Naibu anamsaidia, na mara nyingi ndiye unayemsikia akijibu maswali ya asubuhi bungeni. Katibu Mkuu ndiye mtendaji mkuu na Afisa Masuuli. Fedha ya wizara, Fungu 69, hutoka kwa idhini yake, na ukaguzi wa CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ukikuta dosari, yeye ndiye wa kwanza kuhojiwa na kamati ya Bunge ya hesabu. Mkurugenzi wa Wanyamapori ana mamlaka yake mwenyewe yaliyoandikwa kwenye sheria, hasa kwenye leseni na vibali. Makamishna wa uhifadhi wanaongoza taasisi na askari wake.

Kwa hiyo waziri akisimama jukwaani na kusema "kuanzia leo kijiji hiki mtalipwa", ahadi ile bado ina safari ya kwenda kwa Katibu Mkuu, kwenye bajeti na Hazina. Haimaanishi kwamba amedanganya. Ila ukisubiri tu bila kufuatilia hatua hizo, utasubiri sana.

Tembo wameingia shambani usiku na kumaliza mahindi. Waziri atanilipa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kutoka Bunda na Serengeti hadi Same, Tunduru na Liwale, kwa hiyo tulipe nafasi yake.

Serikali hulipa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Msingi wake ni kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Kisheria malipo haya si fidia ya thamani ya ulichopoteza. Kwa mazao, kiwango kinategemea idadi ya ekari na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na ekari zinazohesabiwa hazizidi tano. Aliyelima ndani ya hifadhi halipwi. Aliyeuawa akiwa kwenye ujangili, familia yake hailipwi.

Kinachoamua kama utalipwa ni asubuhi ile ya kwanza. Usivune mabaki wala kulima upya kabla tathmini haijafanyika. Piga picha za nyayo, kinyesi na mabua yaliyolazwa, na katika baadhi ya picha uonekane mpaka wa shamba au mti unaojulikana na majirani. Siku hiyo hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji, tukio liandikwe na upewe nakala. Mtendaji anamwita afisa wanyamapori wa wilaya, na afisa kilimo anapima eneo lililoharibiwa. Fomu inapita halmashauri na kufika wizarani. Kwa mtu aliyejeruhiwa au kufariki, taarifa ya daktari ni lazima.

Madai mengi yanakwama kwa sababu zinazouma: mtathmini alifika wiki mbili baadaye na kukuta ng'ombe wameshamalizia mabua, jina kwenye fomu halifanani na la kitambulisho, namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja. Mtendaji makini anaweza kuokoa kijiji kizima kwa kuhakiki mambo haya matatu kabla fomu haijaondoka mezani kwake.

Waziri anaingia wapi hapa? Anaingia kwenye viwango. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa, na kwa mazao kiwango cha juu kilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari. Kenya, kwa sheria yao ya 2013, iliweka shilingi milioni 5 za Kenya kwa kifo. Hata ukizingatia kwamba huko nako malipo yamekuwa yakichelewa, pengo hilo halielezeki kirahisi kwa mjane. Viwango hubadilishwa kwa kanuni, na mwenye mamlaka ya kutunga kanuni ni waziri, kwa hiyo kelele kuhusu kiasi zielekezwe kwake. Kelele kuhusu fomu iliyopotea zielekezwe halmashauri. Kabla ya kujaza fomu, muulize afisa wanyamapori viwango vinavyotumika wakati huo.

Na kuzuia tembo wasije? Hilo nalo ni jukumu la wizara na halmashauri kwa pamoja. Vijiji vina haki ya kuomba askari wa wanyamapori wa vijiji wapewe mafunzo, mabomu baridi na tochi kali. Uzio wa kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, na uzio wa mizinga ya nyuki, umesaidia sehemu kadhaa. Mwenye mizinga hupata na asali.

Ng'ombe wangu wamekamatwa hifadhini. Waziri anaweza kuamuru waachiwe?

Kesi ikishafika mahakamani, hapana. Ng'ombe wanakuwa kielelezo na mwenye uamuzi ni hakimu. Kabla ya hapo sheria inaruhusu kosa kufifilishwa, yaani mhusika anakiri, analipa, na shauri linaishia pale. Dai risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Askari anayepokea fedha mkononi bila risiti anafanya kosa la jinai, na hilo liripotiwe TAKUKURU pamoja na kwa kamishna wa taasisi yake.

Mpaka ukiwa na utata, mfugaji anayo hoja ya kujitetea: aombe ramani ya Tangazo la Serikali lililoanzisha hifadhi ile, na bikoni (nguzo za alama za mpaka) zihakikiwe uwandani mbele ya pande zote.

Waziri anaweza kubadilisha mipaka ya hifadhi au kuhamisha kijiji kwa tamko?

Tamko la jukwaani halibadilishi mpaka. Kila aina ya hifadhi ina mlango wake kisheria. Hifadhi ya taifa hutangazwa na Rais kwa ridhaa ya Bunge. Pori la akiba hutangazwa na Rais baada ya kushauriana na mamlaka za serikali za mitaa zinazohusika. Pori tengefu ndilo lililo mikononi mwa waziri, na hata hapo sheria inamtaka ashauriane na mamlaka hizo kwanza, kisha tangazo litoke kwenye Gazeti la Serikali.

Neno "ashauriane" lina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Juni 2022 eneo la kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo, wilayani Ngorongoro, lilitangazwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti na bikoni zikapandwa, katikati ya mvutano mkali na wafugaji wa Kimasai. Septemba 2023 Mahakama Kuu, Arusha, ilitamka kuwa tangazo hilo la waziri lilikuwa batili kwa sababu hapakuwa na mashauriano yanayotakiwa na sheria. Wakati huo Rais alikuwa ameshalitangaza eneo hilo kuwa pori la akiba kwa tangazo jingine, na mgogoro ukaendelea. Hata hivyo hukumu ile ni somo kwa kila halmashauri ya kijiji: tunzeni mihutasari ya mikutano. Wizara ikisema mlishirikishwa, muhtasari wenye mahudhurio na saini ndio utakaoonyesha kama ni kweli.

Kuna njia nyingine pia. Januari 2019 Rais Magufuli alisimamisha uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi na kuunda kamati ya mawaziri wa sekta. Mwishoni, kati ya vijiji 975 vilivyokuwa na migogoro, 920 viliruhusiwa kubaki. Kazi ile ilihitaji mawaziri wanane, kwa sababu mgogoro mmoja wa mpaka unagusa ardhi, mifugo, maji, TAMISEMI na ulinzi. Kumlaumu waziri wa maliasili peke yake ni kukosea anwani, ingawa yeye ndiye mwenye askari.

Vitalu vya uwindaji hugawiwa na nani?

Waziri, kwa ushauri wa kamati iliyowekwa na sheria. Eneo hili limekuwa na tuhuma za upendeleo kwa miaka mingi. Oktoba 2017 Dk. Hamisi Kigwangalla, akiwa waziri, alifuta vibali vilivyokuwa vimetolewa na kuagiza vitalu viuzwe kwa mnada, na mnada wa kielektroniki ukaanza mwaka 2019. Kwa maoni yangu huo ni mwelekeo sahihi, maana bei inayoonekana na kila mtu ni ngumu kupikwa. Vijiji vyenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori vina mgawo kwenye mapato ya kitalu kilicho katika eneo lao, na vina haki ya kuona hesabu.

Je, waziri anaweza kuruhusu wanyama hai wauzwe nje?

Vibali vya namna hiyo viko ndani ya mamlaka ya wizara, chini ya sheria na mkataba wa CITES, wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Lakini jambo hili lina kidonda. Novemba 2010 wanyama hai, wakiwemo twiga, walisafirishwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Qatar, na Watanzania hawajasahau. Biashara hiyo ilifungwa mwaka 2016. Juni 2022 TAWA ilipotangaza kuifungua kwa muda, wananchi walipiga kelele nchi nzima, na Waziri Pindi Chana akasitisha tangazo hilo mara moja.

Kijiji chetu kina msitu. Fedha za mbao na mkaa ni za nani?

Msitu ukiwa umesajiliwa kuwa hifadhi ya msitu ya kijiji, una mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa, mapato ni ya kijiji. Vijiji vya Kilwa vilivyouza mpingo kwa utaratibu huu vimejenga kwa fedha yao wenyewe. Msitu usiosajiliwa unavunwa kwa kibali cha TFS na wilaya, na kijiji kinaambulia makombo. Hakuna sababu ya kijiji chenye msitu mzuri kukaa miaka bila mpango wa usimamizi.

Mzigo ukitoka unahitaji hati ya kusafirishia, magogo yagongwe alama kwa nyundo, na gari lisitembee usiku. Kwenye kizuizi, ofisa anapaswa kulinganisha idadi na aina ya mti kwenye hati na kilichomo garini. Akigonga muhuri bila kushuka kitini, msitu wenu ndio unaoibwa.

Viingilio vya watalii vinakwenda wapi?

Kwa miaka mingi TANAPA, Ngorongoro na TAWA zilikusanya na kutumia. Tangu mwaka wa fedha 2020/21 makusanyo yalihamishiwa TRA na kuingia Mfuko Mkuu wa Hazina, kisha taasisi zikawa zinapewa fedha kwa bajeti. Hapa waziri ana kazi ya kupigania fungu lake Hazina kama waziri mwingine yeyote. Doria ikikosa mafuta ya gari, jangili hasubiri bajeti.

Akikosea, anawajibishwaje?

Rais anaweza kumtengua wakati wowote. Bunge linaweza kuunda kamati, kumhoji na kupitisha maazimio. Mahakama inaweza kubatilisha uamuzi wake. Njia zote tatu zimewahi kutumika katika wizara hii.

Mfano mzito ni Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013, iliyolenga majangili. Ujangili ulikuwa umefika pabaya: tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 110,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na sensa ya 2013 ilikuta 13,084 tu katika mfumo ikolojia wa Selous. Operesheni ilihitajika. Lakini ripoti ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilieleza mateso, mali kuporwa, mifugo kuuawa na wananchi kupoteza maisha. Tarehe 20 Desemba 2013 Waziri Khamis Kagasheki alisimama bungeni na kutangaza kujiuzulu, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba Rais Kikwete ametengua uteuzi wa mawaziri wanne: wake, wa ulinzi, wa mambo ya ndani na wa mifugo. Hakuna kati yao aliyedaiwa kumpiga mwananchi kwa mkono wake. Waliondoka kwa sababu walioyatenda walikuwa chini yao. Naiona hiyo kuwa moja ya siku ambazo Bunge letu lilifanya kazi yake sawasawa, na inafaa ikumbukwe kila operesheni mpya inapotangazwa.

Tunamfikiaje waziri bila kusubiri ziara?

Anzeni kwa maandishi: kijiji, kata, halmashauri, halafu wizarani Dodoma kwa Katibu Mkuu, nakala kwa waziri na kwa mbunge. Mpeni mbunge swali lililoandikwa tayari, fupi, lenye jina la kijiji, tarehe na kiasi. Swali lisemalo "lini serikali itamaliza tatizo la tembo" hujibiwa na "serikali inaendelea na juhudi". Swali linalotaja madai ya kaya fulani za kijiji fulani yaliyopokelewa mwezi fulani linahitaji jibu lenye tarehe.

Wakati wa bajeti mbunge ana silaha nyingine: kushika shilingi ya mshahara wa waziri hadi apate maelezo yanayoridhisha. Kabla ya hapo Kamati ya Bunge inayohusika na maliasili hupitia makadirio, na hupokea maoni ya wadau.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ukitaka kupinga uamuzi wa waziri Mahakama Kuu, wahi: maombi ya kibali cha mapitio, yaani mahakama kukagua uhalali wa uamuzi, yanafunguliwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Kuishtaki serikali kwa madai ya kawaida kunahitaji notisi ya siku 90.

Waziri aliyetuahidi amehamishwa. Ahadi yake imekufa?

Swali hili linaulizwa sana, na kuna sababu. Kati ya 2020 na 2024 kiti hiki kilikaliwa na Hamisi Kigwangalla, Damas Ndumbaro, Pindi Chana, Mohamed Mchengerwa, Angellah Kairuki, kisha Pindi Chana tena. Kijiji kinaweza kupokea mawaziri watatu kwa mgogoro uleule na kuusimulia upya kila mara.

Kilichotangazwa kwenye Gazeti la Serikali kinabaki hai hadi kifutwe kwa tangazo jingine. Barua yenye kumbukumbu namba inabaki kwenye jalada, na jalada halihami na waziri. Jibu lililotolewa bungeni limo kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ambayo iko wazi kwenye tovuti ya Bunge. Tafuteni tarehe ya kikao, chapisheni ukurasa ule na muuambatanishe kwenye barua mpya kwa waziri aliyepo. Ahadi iliyotamkwa uwanjani tu ndiyo iliyo hatarini. Kwa hiyo waziri akija kijijini, mtendaji aandike muhtasari siku ileile, utiwe saini, na ndani ya wiki itumwe barua wizarani inayoanza na maneno: "Rejea maelekezo uliyoyatoa kijijini kwetu tarehe…"